Dagaa wakavu na mfuko "mzito": uliza kwanza umetengenezwa na nini

Muuzaji wa vifungashio akikuambia "chukua huu, ni mzito", usitoe hela bado. Unene unasaidia mfuko usichanike, basi. Kuhusu hewa inayopenya haukuambii kitu. Nafungasha dagaa hapa Mwanza, wakavu na wa kukaanga, na wenzangu wanaoanza biashara huniuliza jambo lile lile: mfuko haujatoboka, umefungwa vizuri, mbona dagaa wanageuka kahawia na kukwaruza koo?

Ni mafuta. Dagaa wetu wana mafuta ya aina inayoharibiwa upesi na oksijeni, na joto na mwanga vinachochea. Adui wa pili ni unyevu, unaoleta ukungu na kuwalegeza waliokaangwa. Tatizo ni kwamba plastiki inayomzuia mmoja mara nyingi inamkaribisha mwingine.

Polithini, ile ya mifuko laini, inazuia mvuke wa maji vizuri sana, lakini oksijeni inapita tu. Ukiongeza unene mara mbili umepunguza upenyaji kwa nusu, wakati kubadili aina ya plastiki kunaweza kuupunguza mara maelfu. Kununua polithini nene ili kuzuia oksijeni ni sawa na kukunja chandarua mara mbili ili kuzuia upepo. Polipropilini, ile inayong'aa na kupiga kelele ukiiminya, haina tofauti kubwa kwenye hilo. PET ya chupa za maji ina nafuu ya wazi. Nailoni halisi, yaani poliamidi, nayo ni nzuri, tena haitobolewi kirahisi na miiba ya dagaa wakavu. Ndiyo maana mifuko mizuri ya vakyumu, ile inayonyonywa hewa kabla ya kufungwa, ina poliamidi nje, na ndani polithini ya kuyeyuka unaposili, yaani unapoziba mdomo kwa joto.

Bingwa wa kuzuia oksijeni ni plastiki iitwayo EVOH, ambayo kampuni ya Kuraray ya Japani iliiingiza sokoni mwaka 1972. Ina udhaifu mmoja: ikipata unyevu, nguvu yake inashuka. Kwa hiyo viwandani huwekwa katikati, polithini au polipropilini ikiikinga pande zote mbili, na yenyewe huwa na unene wa maikroni (sehemu za elfu za milimita) chache tu. Kwa macho huioni. Mwombe muuzaji karatasi ya vipimo kutoka kiwandani, inayotaja kila tabaka na kiasi cha oksijeni kinachopita kwa siku. Wengi watakushangaa. Asiye na karatasi, nunua kwake mifuko ya karanga za kuuza wiki hii hii.

Mifuko ya silva nayo iko ya aina mbili. Washa tochi ya simu ndani yake gizani. Ukiona mwanga hafifu umepenya, hiyo ni plastiki iliyopakwa alumini nyembamba mno. Pakiwa giza totoro, huenda ni karatasi ya alumini yenyewe. Ya pili inazuia zaidi, ila ukiikunjakunja inapata nyufa ndogo. Kwa dagaa wa kukaanga aina ya kwanza inanitosha. Ile mifuko ya kaki yenye dirisha inapendeza kweli kwenye rafu, lakini dirisha linaruhusu mwanga, na mara nyingi ni plastiki ya kawaida. Waachie wanaouza unga wa ugali.

Kuna sharti moja ambalo sitalilegeza. Usiweke samaki mbichi au dagaa waliokauka nusu kwenye vakyumu ukawaacha nje ya baridi. Bakteria wa Clostridium botulinum hustawi pasipo oksijeni, na sumu yao inaweza kuua bila chakula kutoa harufu yoyote mbaya. Kausha kwanza, kwenye vichanja na si mchangani, mpaka wavunjike ukiwakunja. Kifungashio hakirekebishi ukaushaji mbovu.

Watu pia wanachanganya vile vifuko vidogo vya kutumbukiza ndani. Vyenye chembe za silika vinanyonya maji. Vyenye unga wa chuma vinanyonya oksijeni, lakini ukiviweka kwenye mfuko wa polithini unatupa hela: oksijeni inaendelea kuingia mpaka chuma kinachoka.

Na mdomo wa mfuko! Unga wa dagaa au mafuta vikibaki pale unaposili, tabaka zote ulizolipia hazina kazi. Futa kwa kitambaa kikavu, sili, kisha zamisha pakiti kwenye beseni la maji na uiminye. Povu likitoka, rudia.

Je, gharama hii inalipa? Inategemea unauza lini. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika, hivyo bei pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba inapanda na kushuka na mwezi. Anayenunua wakati wa giza ili auze baadaye, au apeleke Dar, anahitaji kizuizi cha kweli. Anayemaliza mzigo wake hapa hapa mjini, kama Igoma, ndani ya siku chache hakihitaji. Tena plastiki za tabaka nyingi ni ngumu kurejelezwa kwa sababu tabaka hazitenganishwi kirahisi, na mvua ikinyesha Mto Mirongo unapeleka taka za mji ziwani.

Marufuku ya plastiki ya Juni 1, 2019 ilihusu mifuko ya kubebea. Vifungashio vya chakula vinaruhusiwa kwa masharti, na Shirika la Viwango (TBS) ndio wa kuwauliza kabla hujaagiza. Anza na mifuko isiyochapwa, ubandike stika. Chache kati yake jaza dagaa na uziweke stoo yenye joto, nyingine kwenye friji. Kila wiki fungua moja ya kila upande, nusa, onja. Wiki utakayoona za stoo zimeanza kuachana na za friji, rudi nyuma kidogo kutoka hapo, ndipo uandike tarehe ya mwisho kwenye stika.