Usisubiri Friji ya Mamilioni: Kwa Anayetaka Kutengeneza Vitambuzi vya Darubini za Angani

Kijana mmoja anayesoma fizikia hapa Nairobi, mwaka wa tatu, ameniandikia: "Dada, nataka kutengeneza vitambuzi vya darubini za angani, vile vifaa vinavyonasa mwanga, lakini maabara yetu haina friji ya kufika hata kelvini 4 (karibu nyuzi 269 chini ya sifuri ya Selsiasi). Nibadilishe kozi?"

Usibadilishe, mdogo wangu. Nakujibu nikiwa na uchungu, kwa sababu nilipoitaja ndoto hiyo hiyo darasani, mhadhiri wangu alicheka akasema hizo ni kazi za nchi za watu. Kicheko kile hakijanitoka. Jioni ile nilishuka Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, kununua rezista, vile vipande vidogo vya kupunguza umeme kwenye saketi.

Ndoto yenyewe si ya kuchekwa. Karibu nusu ya mwanga uliowahi kutolewa na nyota umemezwa na vumbi la angani, na vumbi hilo huutoa tena kama miale ya infraredi ya mbali, ambayo macho hayaioni. Mvuke ulio katika angahewa huizuia kufika chini, kwa hiyo ni lazima tupande juu. Darubini ya angani ya Herschel, yenye kioo cha mita 3.5, ilirushwa Mei 2009 na lita zaidi ya 2,300 za heliamu ya majimaji ya kuipoza. Aprili 2013 heliamu ikaisha, na kazi ikaishia hapo. PRIMA, moja ya mapendekezo mawili ya darubini za angani ambayo NASA iliyateua mwaka 2024 kwa uchunguzi zaidi, imebuniwa kuwa na kioo cha kelvini 4.5 hivi na vitambuzi vilivyopozwa hadi karibu kelvini 0.1.

Vitambuzi vya aina hiyo ndivyo ninavyovipenda. Alumini nyembamba ikishuka chini ya kelvini 1.2 hivi hupitisha umeme bila ukinzani, elektroni zikitembea jozi jozi. Tunaichora alumini hiyo kuwa saketi ndogo. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikiingia huvunja jozi, na masafa ambayo saketi huitikia hushuka kidogo sana. Mshuko huo ndio tunaoupima. Kila kitambuzi hupewa masafa yake, kama vituo vya redio, kwa hiyo mamia husomwa kwa jozi moja tu ya waya. Waya wachache maana yake ni joto kidogo linaloingia.

Miaka ya kuomba ufadhili nairuka. Nilipoingia maabara moja ya Ulaya, vipimo vilikuwa na kelele, yaani mtikisiko wa umeme usiotakiwa, ambayo haikueleweka, na wenzangu waliishuku alumini. Mimi nikaanza na waya za ardhini, zile za "earth". Vyombo viwili vilikuwa vimeunganishwa ardhini kwa njia mbili, na umeme wa hertzi 50 ulikuwa unazunguka humo. Hertzi 50 ndizo za umeme wa nyumbani kwetu. Nimepigana nazo tangu rezista za Luthuli. Tulikata njia moja, kelele ikatulia. Najivunia siku ile mpaka leo.

Basi jifunze kelele. Friji utaikuta huko mbele, lakini mkono wa kusaka kelele unatakiwa uende nao. Nitrojeni ya majimaji, kelvini 77, inapatikana Kenya. Wahudumu wa uhimilishaji wa ng'ombe huibeba kwenye mitungi yao. Omba kidogo kupitia idara yenu. Fungua madirisha, kwa maana hufukuza oksijeni, na usiizibe kamwe kwenye chombo kisichopumua. Tumbukiza koili ya waya wa shaba: ukinzani utashuka karibu mara nane. Pima kwa waya nne (mbili za kupitisha umeme, mbili za kupima volti), si mbili, usije ukapima waya za mita yako. Pima tena. Kisha pima ukiwa hujatumbukiza chochote, maana kelele ya kifaa chako lazima uijue kabla ya kusema umeona kitu.

Nanyi wengine mnaosoma hapa, acheni kuomba ruhusa ya kuota kutoka kwa watu ambao hawajawahi kushika hata chuma cha kulehemu. Pimeni. Andikeni tarehe, halijoto na kipimo, hata kile kibaya.

Mdogo wangu, ukishapata jedwali la koili lenye vipimo vya kutosha kuchora mstari, nitumie. Nitalisoma safu kwa safu, na swali langu la kwanza litakuwa kuhusu waya wa ardhini.