Ulikuwa unafanya nini kutwa? Barua kwa mwanangu anayekwenda Misawa

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mkwe wangu amepata barua ya uhamisho, mwezi wa tatu mnahamia Misawa, Japani, kwenye kambi ya jeshi la anga la Marekani, kule kule ulikokulia, na ukaniuliza: "Baba, wewe ulikaa pale miaka mitatu bila kazi na bila lugha, mama yuko kazini jeshini. Ulikuwa unafanya nini kutwa? Na sisi tupange ndani ya kambi au nje?" Swali hilo haliishi kwenye simu. Mama yako amelala, hapa San Antonio kumetulia, nimekaa mezani nikuandikie.

Nianze na la pili kwa kuwa ni fupi. Ofisi ya nyumba ikiwaruhusu, kaeni nje. Ndani ya kambi kuna kila kitu: duka la vyakula vya Kimarekani, bei kwa dola, kanisa, hospitali, watoto wa kucheza na mjukuu wangu. Siku ukizidiwa utashukuru kwamba vipo, na geti ni lenu, ingia. Lakini mwaka 2007 tulipofika tulikaa wiki sita kwenye hoteli ya kambini tukisubiri nyumba, na katika wiki zile sikumbuki kitu zaidi ya rangi ya zulia. Ningekuwa Texas ningeyaona yale yale.

Sasa hayo majira ya kuchipua. Mwezi wa tatu usitegemee maua. Misawa iko mkoa wa Aomori, ncha ya kaskazini ya kisiwa kikuu cha Japani, na maua ya cheri unayoyaona kwenye picha za Tokyo huko hufika mwishoni mwa mwezi wa nne. Mtakachokuta ni theluji iliyochakaa, nyeusi kwa vumbi, imerundikwa kando ya barabara, na upepo wa Pasifiki unaopenya hadi kwenye mifupa. Nyumba hazipashwi joto zote kama za hapa. Unapasha chumba ulichomo na kufunga milango ya vingine. Lori la mafuta ya taa hupita mtaani likipiga wimbo, wewe ulikuwa ukikimbilia dirishani ukiamini ni aiskrimu. Nunua lile jiko la kizamani la kupashia joto, lisilotaka umeme hata kidogo. Nitakwambia sababu huko mbele.

Kuendesha gari kusikutie hofu. Wenyewe wanapita kushoto, kama Tanzania. Nilikuwa nimezoea kulia kwa miaka ya Marekani, lakini siku ya kwanza nikiwa nyuma ya usukani mikono ilikumbuka yenyewe barabara ya Moshi. Tairi za theluji msizivue mapema, hata jua likiwaka. Mwezi wa nne bado unaweza kugeuka.

Nikueleze jambo la mfereji, maana jibu la swali lako la kwanza limo humo.

Nyumba yetu ilikuwa nje ya mji, upande wa Rokunohe, katikati ya mashamba. Kila mtaa una umoja wa majirani, mfano wa nyumba kumi za kwetu, na kuna ubao wenye karatasi za matangazo unaozungushwa nyumba hadi nyumba. Wanauita kairanban. Ukishasoma unaweka alama na kumpelekea jirani anayefuata. Ubao wa kwanza ulipofika mlangoni, Aprili ile, niliweka saini nikaupeleka mbele bila kuelewa hata neno moja. Jumapili yake, saa kumi na mbili asubuhi, nikasikia koleo zinakwangua nje. Nikachungulia: wazee wa mtaa, buti za mpira miguuni, wanazoa tope na majani yaliyooza kwenye mifereji. Nikadhani ni vibarua wa mji, nikarudi kitandani. Nilipotoka saa tatu nilikuta mfereji wa mbele ya nyumba yetu umesafishwa hadi chini, na tope lake limefungwa vizuri kwenye mifuko.

Mwanangu, mimi ni mtoto wa Old Moshi. Babu yako alinilea kwenye mfongo, mfereji unaoshuka kutoka mlimani na kugawa maji kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la kila ukoo. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, baragumu likilia kila nyumba hutoa mtu na jembe, asiyefika hutozwa faini na jina lake husemwa. Nilikuwa nimevuka bahari mbili kuja kuwa yule mtu ambaye wenzake wamemsafishia mfereji akiwa amelala. Sijawahi kuona aibu kama ile. Na hakuna aliyenisema, ndiyo ikawa nzito zaidi.

Nilikanda unga, nikapika chapati kumi, nikavuka barabara kwa yule bibi wa jirani uliyekuja kumwita Obaachan. Nikaonyesha mfereji, nikajionyesha kifuani, nikainama. Akacheka, akapokea. Kesho yake sahani yangu ikarudi, na juu yake kulikuwa na vichwa vya kijani vilivyofumba kama maua ambayo hayajaamka, vimekaangwa kwa unga mwepesi. Ni fukinoto, mmea wa kwanza kutoboa theluji. Wenyeji wa Tohoku, eneo hilo la kaskazini, wana jina lao, bakke. Uchungu wake uliingia ulimini moja kwa moja nikamkumbuka mama yangu na mnafu wake. Watu wa kule wanasema mwili uliolala wakati wa baridi unahitaji uchungu ili uamke, nami niliwaamini kwa sababu kwetu pia mboga isiyo chungu haina heshima. Nikairudisha sahani yake ikiwa na maandazi. Ikarudi na yai, na kachumbari, na samaki. Kwao kama kwetu, sahani hairudi tupu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza Kijapani, jina la chakula kimoja kwa wiki.

Mwaka uliofuata, 2008, nilikuwa kwenye mfereji ule saa kumi na moja na nusu, kabla ya wote.

Huo ndio mwaka mama yako alipopelekwa Iraki. Hukumbuki sana na nashukuru. Ndege za kambi zilikuwa zinaruka kila siku, zile F-16 ambazo mwaka 2024 walitangaza kwamba zitaondoka zije F-35, na kila moja iliponguruma juu ya paa nilikuwa najiuliza kule aliko kunanguruma nini. Ulikuwa umefikisha miaka mitano. Niliamua kukuandikisha chekechea ya pale mtaani badala ya ya kambini, kwa sababu moja tu: nilitaka kuwe na mlango mwingine zaidi ya wetu ambao mtu akitutazama atatufahamu.

Mwaka wao wa shule huanza Aprili. Kabla ya siku ya kwanza walinipa orodha: mfuko wa viatu, mfuko wa nguo, mfuko wa kikombe, kila mmoja na kipimo chake, na kila kitu kiandikwe jina. Kila kitu kweli. Soksi, mkasi, kifuniko cha gundi, kila kalamu ya rangi moja moja. Obaachan alinifundisha kuandika jina lako kwa herufi zao za katakana, herufi nne tu, na nilikaa usiku mzima kwenye meza fupi nikiandika jina la mwanangu kwenye kalamu. Niliyaandika yote, na nilipomaliza ya mwisho nilikuwa nalia. Sikuwa nimelia tangu mama yako aondoke. Asubuhi uliingia kwenye ukumbi na wenzako, wazazi wote wamevaa suti nyeusi, na uliinama kwa mwalimu kama ulizaliwa pale.

Kwa hiyo kutwa nilikuwa nafanya nini? Nikishakupeleka nilikuwa naenda shambani kwa Obaachan. Mashamba yale unayoyakumbuka ni ya kitunguu saumu, ambacho sehemu kubwa ya kinacholimwa Japani hutoka Aomori, na ya nagaimo. Nagaimo ni kiazi kikuu, mwanangu, ndugu wa vile vinavyopanda miti kihambani kwa babu yako, ila chao ni chembamba na kirefu kama mkono mzima. Wanavuna mara mbili. Vingine huchimbwa kabla ya theluji, vingine huachwa ardhini vilale na baridi, vichimbwe mwezi wa tatu na wa nne, na hivyo vya kuchipua ndivyo vitamu zaidi. Mashine inalegeza udongo, lakini kuvitoa ni mkono, maana kikipindishwa kidogo kinakatika na bei yake imekwisha. Sikulipwa. Karatasi zangu hazikuniruhusu kuajiriwa nje ya kambi, wala sikutaka. Nilikuwa napiga magoti kwenye udongo mweusi karibu na wanawake wa miaka sabini na kitu, tunavuta polepole, hakuna anayesema sana. Ukimenya vinawasha kama magimbi. Weka siki kwenye maji. Wanavikwaruza vikawa uji unaonata na kuumimina juu ya wali. Wewe ulikula mabakuli mawili.

Mlima nao uutazame. Siku ya mbingu safi, Hakkoda inaonekana upande wa magharibi ikiwa nyeupe tupu, na mimi niliyekua nikiitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kutoka chini nilipata mahali pa kuweka macho. Barabara inayopita huko hufunguliwa mwezi wa nne, imechongwa katikati ya kuta za theluji ndefu kuliko basi. Mpeleke mtoto aziguse.

Maua yakifika, nendeni Hirosaki. Ni mwendo wa saa mbili na zaidi, nendeni tu. Bustani ya ngome ile ina miti ya cheri kama 2,600, na petali zikianguka zinafunika maji ya handaki hadi yanakuwa ya waridi. Watu hupiga picha wakaondoka. Mimi nilitazama matawi. Aomori ndiyo nchi ya matofaa, zaidi ya nusu ya matofaa ya Japani hutoka huko, na watunzaji wa bustani waliazima ufundi wa wakulima wa matofaa: wanaipogolea cheri kama mti wa matunda, ndiyo maana ipo iliyopita miaka mia moja na bado imebeba maua mazito. Babu yako alikuwa akipogolea mibuni kwa kisu kile kile miaka arobaini. Nilisimama pale nikatamani angeona.

Mwezi wa tano mambo yanakwenda mbio. Wiki ya sikukuu mwanzoni mwa mwezi watu wote wako njiani, msisafiri. Tarehe 5 ni siku ya watoto, na juu ya nyumba zenye watoto utaona samaki wa vitambaa wakiogelea upepo. Majaruba yanajazwa maji, mashine zinapanda miche, na usiku ule ule vyura wanaanza. Ulikuwa hulali bila vyura wale. Tulipohamia huku ulilala macho wiki nzima.

Kuhusu mboga za porini: ukialikwa kuchuma, nenda, lakini usiende peke yako, na uvae kengele. Dubu wameamka nao.

Lile jiko la mafuta ya taa, sababu yake ni hii. Tuliondoka 2010. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilipopiga, tulikuwa hapa Texas, na tuliona kwenye televisheni bahari ikipanda pwani ya Tohoku. Bandari ya wavuvi ya Misawa ilipigwa. Baadaye wanajeshi na familia za kambi walikwenda kuzoa matope pamoja na wavuvi, na mama yako alikaa akitazama zile picha akitafuta sura anazozijua. Simu ya Obaachan haikupatikana. Nilipiga asubuhi na usiku. Ilipopokelewa, alisema polepole kama alivyozoea kunisemesha mimi: umeme umekatika, nje theluji, lakini jiko linawaka, chai ipo, na majirani watatu wako sebuleni kwake. Halafu akaniuliza kama wewe unakula vizuri.

Alifariki 2019. Mjukuu wake, yule aliyekuwa akikushika mkono kwenda chekechea, ndiye anayelima sasa.

Nimemaliza kufunga mzigo wenu. Humo ndani, katikati ya taulo, kuna sahani ya bluu yenye samaki. Ni ya kwake. Tulipoondoka zamu ya kurudisha ilikuwa yetu na mimi sikuwahi, nimeihifadhi miaka kumi na sita. Nyumba ni ile ya ng'ambo ya barabara, paa la kijani. Chapati ziwe za moto, na kama utafika wakati wa koleo, shika koleo kwanza, sahani baadaye.

Msalimie mkwe wangu. Mbusu mjukuu.

Baba yako