Mradi wa kubadilishana waandishi vijana: uliza nani anahariri kabla ya kuuliza tiketi

Kwa mnaoingia sasa, mleta mada anasoma diploma ya uandishi wa habari Mbale. Ameona tangazo la mradi wa kubadilishana waandishi vijana: wiki mbili Ulaya, kisha wenzao wa huko waje Uganda wiki mbili. Anataka kujua kama kuna cha maana humo au ni matembezi tu. Waliomjibu huko juu wamegawanyika. Kuna wa "kimbia katafute paspoti" na kuna wa "hao wanakuja kupiga picha za umaskini wetu". Kila upande una ukweli wake, lakini hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuujua mradi mzuri na mbovu kabla hajatia sahihi.

Mimi niko Busia, upande wa Uganda, nafanya kazi redioni. Miradi ya aina hii nimeipitia kwa milango yote miwili, wa kupelekwa na wa kupokea wageni. Nitasema ninayoyajua, wadau mtaongezea.

Mdogo wangu, ukipokea karatasi zao, achana kwanza na ukurasa wa tiketi na posho. Nenda kwenye sehemu ya kazi zitakazotolewa. Nani atahariri? Majina ya nani yatatokea? Kazi itasikika au kusomwa wapi, na kwa lugha gani? Haya yakiwa yameandikwa vizuri, mengine mtayanyoosha njiani. Yasipokuwepo, jiandae kuwa mkalimani wa bure na mbeba stendi ya kamera, hata kama cheti mtakachopewa siku ya mwisho kinakuita mwandishi.

Nasema hivi kwa sababu nimeona mgawanyo huo wa kazi unavyojipanga wenyewe bila mtu kuwa na nia mbaya. Mgeni anakuja na kamera nzuri, kompyuta yenye programu za kuhariri, na tovuti ya shirika lake inayosubiri kazi. Wewe una namba za simu za watu, unaijua njia, unaongea lugha. Wiki mbili ni fupi, kila mtu anafanya analoweza haraka. Basi mgeni anauliza maswali na kuhariri, mwenyeji anatafuta wahojiwa na kutafsiri. Siku ya kuagana mnapiga picha ya pamoja, filamu inapanda kwenye tovuti ya huko, na mama aliyehojiwa sokoni hajui hata kama ilitoka.

Niwape mfano wa kundi moja tulilolipokea hapa mpakani. Waliwekwa wawili wawili, mgeni na mwenyeji. Jozi moja ilikwenda kwa mama mmoja anayeuza mukene, hao dagaa wakavu wa ziwani, kwa magunia. Mgeni alikuwa na swali lake tayari, na binti wetu akalitafsiri: maisha yakiwa magumu hivi, unajisikiaje? Mama akajibu kama anavyojibu kila anayekuja na kipaza sauti. Maisha magumu, Mungu yupo, serikali itusaidie. Hata hakuacha kupepeta.

Binti wetu akaongeza swali la kwake kwa Kiswahili. "Mama, gunia hili umelinunua bei gani, na ukilivusha ng'ambo unaliuzaje?" Hapo mama akaweka ungo chini. Akaanza kuhesabu kwa vidole: bei ya kutoka ziwani, ya mpakiaji, ya bodaboda, ya ushuru wa soko. Halafu shilingi ya Kenya inapopanda asubuhi na kushuka mchana, nani anakula tofauti ile. Akaeleza kwa nini kuna siku anapita kituo cha pamoja cha mpakani na kuna siku anachukua njia ya panya, na karatasi ipi inamkwamisha. Mwenzake wa meza ya pili akamkatiza, akasema bei hiyo ni ya uongo, wakaanza kubishana wao kwa wao. Rikoda inazunguka. Mgeni kasimama, haelewi kitu, lakini kwa sifa yake alijua kwamba habari ndiyo hiyo na akanyamaza.

Jioni kwenye kuhariri ndipo mambo yalipokaza. Toleo la kwanza lilibeba "maisha magumu" pamoja na sauti ya soko nyuma. Bei, ushuru, njia ya panya, vyote vilikatwa, eti wasikilizaji wa kule watapotea. Kwa kule labda ni kweli. Ila mkataba wa mradi huo ulikuwa na kifungu kimoja kizuri: kila kazi iwe na majina mawili na matoleo mawili, moja la tovuti yao na moja la redio ya wenyeji, na kila mmoja ahariri la kwake. Binti akakaa na mahojiano yake, akatoa kipindi cha Kiswahili kilichochanganyika na Kisamia. Kilipotoka simu hazikukatika. Wanawake wa soko walipiga wakipinga bei za yule mama, wakataja za kwao, na mazungumzo ya ushuru yakaendelea siku nyingi baada ya wageni kupanda ndege. Kifungu kile kingekuwa hakimo, sauti ile ingefutwa kwenye kompyuta usiku huohuo.

Kwa hiyo wakikuandikia, waulize wazi: je, kuna toleo letu? Shirika zuri halitakasirika. Nimewahi kuuliza shirika moja swali hilo, nikajibiwa kwamba "mambo ya uchapishaji yatazungumzwa baadaye". Sikwenda.

Sasa, unajifunza nini hasa? Watu wengi wanadhani ni kamera. Kamera utaijua kwa simu yako na YouTube. Kilichonifaa mimi ni kukaa na mhariri anayeshika kila sentensi na kuuliza "umejuaje?". Unasema "watu wengi wameathirika", anauliza wangapi, nani kasema, ulimpigia nani wa upande wa pili. Kwetu stringa, yaani mwandishi asiyeajiriwa, analipwa kwa kila habari, na malipo yenyewe tunayajua, kwa hiyo hakuna mwenye muda wa kukubana hivyo. Kingine ni kuandika pendekezo la habari likaeleweka kwa mhariri asiyejua Busia iko wapi. Hiyo ndiyo imenipa kazi za nje baadaye kuliko cheti chochote.

Yasiyofundishwa huko ni ya kwetu, na hapa fungua macho. Wageni watarudi kwao, wewe utabaki na wilaya yako na mkuu wa polisi wako. Sheria yetu ya vyombo vya habari ya 1995 inataka mwandishi aandikishwe na awe na cheti cha kazi kutoka Baraza la Vyombo vya Habari. Wengi tunafanya kazi bila hicho na hakuna anayeuliza, mpaka siku umeandika kitu kilichomuuma mkubwa. Ipo pia sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu chake cha 25, kile kilichokuwa kinawakamata watu kwa "mawasiliano ya kuudhi", lakini mageuzi ya 2022 yalikuwa yameshaongeza makosa mengine. Mgeni mwenye viza ya utalii akianza kuhoji watu na kamera kubwa, atakayeitwa kujieleza ni mwenyeji wake. Kama mradi unataka kuingia Nakivale au kambi nyingine ya wakimbizi, barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu ipatikane kabla, msiitafute mkiwa getini. Uliza nani anashughulikia vibali hivyo na nani atalipa wakili mambo yakiharibika.

(Hii ya pembeni inanichekesha kila mara: wanakuja na mpango mzima wa kusambaza kazi kwa Facebook, wakifika hapa ndipo wanajua imefungwa tangu uchaguzi wa Januari 2021 na sisi tunaingia kwa VPN. Siku ya kwanza ya mafunzo inaishia kwenye kuwafundisha wao.)

Kuna mdau hapo juu kasema bila kwenda Ulaya hutoki. Hapana. Tazama Waganda wawili waliopata tuzo ya BBC yenye jina la Komla Dumor, mtangazaji wa Ghana aliyefariki 2014. Nancy Kacungira ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa kuipata, 2015. Solomon Serwanjja akaipata 2019, mwaka uleule alioingia kichinichini kufuatilia dawa za serikali zinazoibwa na kuuzwa. Tuzo ile inampeleka mshindi London kufanya kazi BBC kwa miezi mitatu, lakini iliwakuta wote wawili wakiwa watangazaji kamili. Walikwenda wakiwa na kitu mkononi. Ukienda mikono mitupu utarudi na picha za theluji.

Kwa hiyo kabla ya huo mradi, au wakati unausubiri, anza na vya karibu. ACME, kituo cha kuendeleza uandishi wa habari pale Kampala, wamekuwa wakifundisha waandishi na kutoa pesa ndogo za kufuatilia habari. HRNJ, mtandao wa kutetea haki za waandishi, wanafundisha usalama wa mwandishi. Mama FM ya chama cha wanawake waandishi imelea sauti nyingi za wasichana. Fuatilia matangazo yao, na omba nafasi redio yoyote ya hapo Mbale hata kama utaanza na kusoma matangazo ya vifo. Nitaongeza kwamba milango imepungua: fedha za misaada za Marekani zilipokatwa 2025, mafunzo mengi yaliyokuwa yanategemea mfuko huo yalikatika nayo. Ndiyo maana tangazo kama hilo lako linagombaniwa.

Na kwa nini kubadilishana lazima kuwe na Ulaya? Hili huwa nalisema mpaka wenzangu wananichoka. Kwenda Kenya na Rwanda Mganda anavuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Kutoka hapa Busia, Kisumu ni karibu kuliko Kampala, ambayo ni kilomita karibu 200. Habari zetu ni zilezile: ziwa moja, samaki walewale, malori yaleyale, mahindi yanayokataliwa mpakani. Mwandishi wa Kisumu na wa Busia wakifuatilia gunia moja kutoka mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, hadi dukani, watatoa habari ambayo jozi ya Mbale na Berlin haiwezi kuitoa. Na lugha ipo. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, ila vyumba vingi vya habari Kampala bado vinahangaika kupata mtu wa kukiandika bila kukichubua. Wewe unayekiandika hivi humu tayari una bidhaa. Usiifiche kwenye fomu kwa kudhani wanataka Kiingereza pekee.

Upande wa pesa sitakaa sana. Fungu la vijana la Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, huombwa na shirika, mtu binafsi haombi, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia fomu ya Erasmus+ ya kujaza wewe mwenyewe na ada ya kuishughulikia, huyo ni tapeli. Norec, shirika la serikali ya Norway lililoitwa Fredskorpset hadi 2018, imekuwa ikilipia taasisi zinazobadilishana wafanyakazi, wa kwenda na wa kuja, na huko watu wanakaa miezi. Kama mwalimu wako au redio yako ina uhusiano na shirika la nje, wasukume waombe. Mradi halali haukutozi ada ya kuchaguliwa.

Viza ya Schengen, ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ada yake ni yuro 90 tangu Juni 2024. Uliza kama wanailipa wao au wanarudisha baadaye, maana kurudishiwa baadaye kunamfungia nje asiye na akiba. Bima ya safari iwe ya kuanzia yuro 30,000. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15, na hizo 15 usizijaribu. Paspoti kama huna anza leo, ya kawaida ni shilingi 250,000. Wanachokitazama sana ni kama utarudi, kwa hiyo barua ya chuo na barua ya redio yenye tarehe ya wewe kurudi kazini zina uzito. Hapo tena utaona faida ya kuwa na redio.

Swali lako la mwisho, kama uwaambie kwamba huna kazi yoyote iliyochapishwa: waambie ukweli, lakini usiishie hapo. Tangazo ulilobandika linafungwa mwisho wa mwezi, muda upo. Toka na simu yako uende stendi ya Mbale au Soko Kuu, chagua kitu kimoja chenye bei iliyobadilika mwezi huu, hoji watu watatu wasiokubaliana, kata iwe dakika nne, iweke mahali wanapoweza kuisikiliza. Na hiyo ratiba waliyokutumia ibandike hapa, ufute majina na namba za simu. Nataka kuona siku ngapi wameziweka za kuhariri na ngapi za kutembelea maporomoko ya Sipi.