Usikiri kosa haraka

Ndugu, unauliza kama ukiri mahakamani Jumatatu kosa la kuendesha gari ukiwa umelewa, ulipe faini yaishe, baada ya kupulizishwa alkoblo (kile kifaa cha polisi cha kupima pombe kwenye pumzi) Thika Road. Usikimbilie. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kina faini hadi shilingi 100,000, jela hadi miaka 2, au vyote viwili, na juu yake unaweza kunyang'anywa leseni. Lakini soma hati ya mashtaka: kifungu kinataka uwe umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Namba inayoonyeshwa na alkoblo pekee haisemi hivyo, ndiyo maana 2017 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha kanuni za alkoblo. Mwambie wakili adai ushahidi: nani alikuona ukiyumba barabarani? Daktari alikupima? Kama uligonga mtu, hapo ni hadithi nyingine. Na ukimpa askari "chai", umejiongezea kesi.