Anasa ninayoikubali mlimani

Swali la wiki hii linauliza: mpenda milima na pori akiwa na fedha za kutosha, anunue anasa gani na ipi aiache? Najibu kutoka jikoni. Mimi ni mpishi wa Kilimanjaro, naishi Moshi, na sehemu kubwa ya anasa za wageni hupita mikononi mwetu kabla hazijawafikia wenyewe.

Nianze na zinazoagizwa siku hizi. Kitanda cha kukunja chenye godoro nene. Hema refu ambalo mtu anasimama wima ndani yake. Hema la kuogea, maji yakichemshwa jikoni kwetu. Meza yenye kitambaa, viti vya kuegemea, supu kwanza, kisha chakula chenyewe, kisha kitindamlo. Choo cha kubeba chenye hema lake, na kijana ambaye kazi yake toka getini hadi tunaporudi ni hicho choo tu: kukibeba, kukisafisha, kuhakikisha kimesimama kambini kabla wageni hawajafika. Keki ya siku ya kuzaliwa nayo tunaioka, hata kambi ya Karanga, sufuria ndani ya sufuria juu ya jiko la gesi.

Hizo za mezani nazitetea waziwazi. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600, na maji pale huchemka kwenye nyuzi 85 hivi. Maharage utayapigia moto hadi usiku na hayataiva bila sufuria la presha. Wakati huohuo mgeni amepoteza hamu ya kula kwa sababu ya urefu wa mlima, na ndiyo saa anayohitaji nguvu kuliko zote, maana usiku wa manane anaamshwa kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Supu ya moto iliyokolea tangawizi na wali ulioiva vizuri ni vitu vinavyompandisha mtu. Anayelipia jiko zuri hajapoteza hela yake.

Lakini kila kitu nilichokitaja kina kichwa na mabega yanayokipandisha. Getini mizigo hupimwa, na kanuni za hifadhi zinataka mgumu (ndivyo wapagazi wa mlima huu wanavyoitana) asizidishe kilo 20 za mzigo wa msafara. Kwa hiyo kitanda na choo havipandi bure, vinaongeza watu. Wageni wawili wa kawaida huondoka getini na watu karibu kumi nyuma yao; ukiongeza vitanda, bafu na choo, idadi hiyo inapanda haraka. Mimi sina ugomvi na idadi. Kila mtu aliyeongezwa ni kijana wa Marangu au Machame aliyepata kazi, na familia nyingi za huku zimesomesha watoto kwa mlima. Tena watu wa jikoni tunajua jambo ambalo mgeni halioni: kilo 20 za mchele na viazi hupungua kila siku kwa kuwa zinaliwa, kilo 20 za choo hazipungui hata siku ya mwisho. Anayebeba vitu vya namna hiyo anastahili kulipwa zaidi, na kampuni nyingi hazimlipi zaidi.

Huu mtindo si wa leo. Theodore Roosevelt alipotua Mombasa mwaka 1909, akitoka tu kwenye urais wa Marekani, msafara wake wa uwindaji ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na maktaba yake ya safari, vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, ilikuwa mzigo kamili wa mtu mmoja. Mzigo wa enzi hizo ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27. Vitabu vyake vinakumbukwa hadi leo. Jina la aliyevibeba sijawahi kulisikia likitajwa.

Anasa ninayosema iachwe kabisa ni kulala ndani ya kreta, lile shimo la volkano lililo karibu na kilele, karibu mita 5,700. Mgeni analala pale usiku mmoja kwa ajili ya barafu na nyota, nami nakubali kwamba ni pazuri mno. Lakini ili alale, wagumu wanapandisha mahema, mitungi ya gesi na maji hadi mahali ambapo hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, na kichwa kikianza kumuuma mmoja wao, njia ya kushuka haraka si nyepesi.

Anasa ya kununua ni siku. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku, kwa hiyo safari ya bei poa hufupishwa, na mtu anakimbizwa kwa njia ya Marangu siku 5 wakati mwili wake ungehitaji njia ya Lemosho siku 8. Mwezi Mei 2025 Waingereza wanne walitoka London na kufika kilele cha Everest ndani ya siku 5, baada ya kulala nyumbani kwenye mahema yenye oksijeni ndogo na kuvuta gesi ya xenoni. UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, lilikuwa limekwisha kusema Januari ya mwaka huohuo kwamba hakuna ushahidi kuwa gesi hiyo inaongeza uwezo mlimani. Waingereza hao walilipa fedha nyingi ili wapunguze siku. Mimi ningezilipa ili niongeze: siku moja ya kupumzika Karanga, pole pole ya kweli, na jioni ya kuutazama Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huu, bila haraka.

Baada ya siku, fedha ikibaki, iende kwa wagumu. KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro ulioanza mwaka 2003, huazima wapagazi mavazi ya baridi bila malipo, na jaketi ulilovaa mara moja linapokelewa pale kwa mikono miwili. Na kabla hujalipia kitanda cha kukunja, iulize kampuni wagumu wako watalala wapi. Wakikujibu kwamba wanalala kwenye hema la kulia chakula, ujue wanasubiri nje kwenye baridi mpaka wewe umalize kitindamlo. Hela ya kitanda iambie inunue hema lao.