Maswali na majibu: Waiteni kabla hamjachora

Programu ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa imekamilika. Tuwashirikisheje wanachama?

Swali hili naletewa kila mwezi, na linanichosha. Imekamilika, washiriki nini? Mlichobakiza ni kuwafundisha pa kubonyeza. Kushirikisha huanza wakati bado mko tayari kusikia kwamba hawaihitaji kabisa.

Mama mwenye genge hajui kompyuta. Atachangia nini kwenye usanifu?

Anaijua kazi yake, nanyi hamuijui. Kuanzia mwaka 1981 huko Sweden, wachapaji wa magazeti walikaa na watafiti katika mradi wa UTOPIA, wabuni pamoja kompyuta za kazi yao. Mashine walizozitaka zilikuwa hazijapatikana, basi wakatumia maboksi ya kadibodi: boksi tupu likawa printa ya leza, nao wakafanya kazi kama kawaida hadi wakaona panapokwama.

Nimefanya vivyo hivyo na kikundi cha akina mama, kwa karatasi za daftari. Ukurasa wa kwanza tuliuchorea salio, kubwa, katikati. Mweka hazina akautazama, akaugeuza kifudifudi mezani. “Simu yangu ni ya nyumba nzima,” akasema. “Mtoto akifungua gemu, baba yake ameshaona akiba yangu.” Tukalificha salio nyuma ya namba ya siri. Sisi tuliochora, kila mmoja ana simu yake. Siri ya mama huyo isingetujia akilini hata tungekesha.

Dodoso la mtandaoni halitoshi?

Halitoshi. Mwenye simu ya kuazima halioni.

Tuwalipe?

Ndiyo. Nauli, na siku ya kazi waliyoipoteza. Soda na biskuti si malipo.

Watu wanaitumia huduma yetu tofauti na tulivyopanga. Tuwazuie?

Msiwazuie, watazameni. Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya mwaka 2005 yalilenga marejesho ya mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikotangulizwa.

Lakini wengi mnakisoma kisa hiki nusu, mnaacha kusikiliza siku ya uzinduzi. Makato ni kiasi gani, ujumbe unakuja kwa lugha gani, nani anaona jina la aliyetuma: hayo nayo yanagusa heshima na usalama wa mtu, na kwa kawaida huamuliwa kwenye kikao ambacho mtumiaji hakualikwa. Mwekeeni kiti humo, na kura.