Uchungu wa kweli nitautambuaje, na niondoke nyumbani lini?

SWALI: Shikamoo dada mkunga. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 36. Usiku tumbo linakaza kisha linaachia. Kituo cha afya ni mwendo wa saa nzima kwa bodaboda. Mama mkwe ameshaniandalia dawa ya mizizi ya kuharakisha uchungu. Nitajuaje kama uchungu ni wa kweli?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ukali wa maumivu hudanganya. Angalia mpangilio wake. Tumbo likikaza, weka kiganja juu ya kitovu ubonyeze taratibu. Likiwa kama ncha ya pua, mkazo ni mwepesi. Likiwa gumu kama paji la uso, hapo mkazo una nguvu. Tazama saa linapoanza kukaza, kisha litakapoanza tena, uhesabu dakika zilizopita. Uchungu wa kweli huzidi kukaribiana na kurefuka, mara nyingi ukivuta hadi kiunoni, na hautulii hata ukitembea au ukioga. Ule unaokuja baada ya dakika 8, kisha 25, kisha unapotea ukilala, ni tumbo linajizoeza.

Wiki hii, kabla hujatimiza 37, mikazo ikishika mpangilio usikae kuhesabu, nenda kituoni. Baada ya hapo, anayeishi jirani na hospitali anaweza kusubiri hadi kila dakika 5. Wewe ondoka ikifika kila dakika 10. Afadhali zaidi uhamie mapema kwa ndugu aliye karibu na kituo, au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito kama ipo.

Chupa ikipasuka, ondoka hata kama huumwi. Jisitiri kwa khanga safi, usiingize chochote ukeni, na kumbuka rangi ya maji: yakiwa ya kijani, mtoto amejisaidia tumboni, mwambie mkunga mara ufikapo. Damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au mtoto kupunguza kucheza, hayo hayangoji kupambazuke.

Dawa ya mizizi nakuomba sana usinywe. Tumbo linapoachia ndipo damu inapopita vizuri kumfikia mtoto. Dawa hizo zinaweza kulikaza mfululizo. Mtoto hukosa hewa, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka ukiwa njiani. Najua mama mkwe anakutakia mema. Njoo naye kliniki nizungumze naye kwa heshima zake. Uchungu wa mimba ya kwanza huchukua saa nyingi na si kosa la mtu. Na uchungu ukihitaji kuongezwa, tunaongeza kituoni kwa dripu, huku tukisikiliza moyo wa mtoto.

Khanga, nguo za mtoto na vifaa ulivyoambiwa kliniki viwe kwenye mfuko mmoja. Mtafute na ndugu mwenye afya atakayekuwa tayari kuchangia damu. Bodaboda ya usiku uchungu ukiwa umeshika ni hatari, ongea na mwenye bajaji au gari sasa hivi, na namba yake uiandike kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki. Simu huishiwa chaji.